Wino Ulioitwa Mweusi

11 Februari

Mpwa wangu Kwanini,

Najua una jina la kwenye cheti, lakini mtoto aliyeniuliza mara arobaini kwa siku kwa nini anga ni buluu hawezi kunikimbia kwa kujificha nyuma ya cheti.

Hapa sote wazima. Mkazamjomba wako amepona mafua na sauti imemrudia yote, kwa hiyo sasa mgonjwa ni mimi. Paka amezaa watatu ndani ya boksi la msasa, na hataki kuhama. Mama yako mwambie sufuria yake sinayo, na kama ninayo basi nimeizoea.

Unauliza kwa nini sipigi simu. Simu ilitumbukia kwenye debe la rangi ya mafuta, lita ishirini, nyeupe. Niliitoa, nikaifuta, bado inaita, ila mtu akiongea namsikia kama yuko ndani ya maziwa. Tuandikiane tu, kama watu wenye adabu.

Habari kubwa ni hii: nimepewa kazi ya maktaba. Wameongeza upande mpya, na Bi Mkutubi anataka ufanane na ule wa zamani mpaka mtu asijue ukuta mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Upande wa zamani niliupaka mimi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Ni kijivu cha majivu yaliyopoa, kina kijani kidogo ndani yake, kama siri. Kipimo sikukiandika popote. Kipimo kilikuwa jicho hili, na ndiyo maana mji mzima unaniita Jicho. Kuna duka jipya lenye mashine: unaipa kipande cha ukuta, inakimulika, inakuandikia uchanganye nini na nini. Bi Mkutubi aliitaja. Nikamwambia mashine haijawahi kupanda ngazi.

Hilo somo lako la nuru lilete. Umesema ukinielewesha mimi, hata madawati yataelewa. Nakushukuru kwa heshima hiyo.

Swali dogo. Ile kalamu ya wino wa zambarau niliyokununulia siku ulipoanza kazi umeipeleka wapi? Uliahidi kuniandikia kwayo. Barua yako ina wino mweusi kama wa karani wa mahakama. Kama imepotea sema tu, sitalia sana.

Mjomba wako,
Jicho

26 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anasema mtu akizoea sufuria ya mwenzake anaitwa jina ambalo mimi kama mwalimu siwezi kuliandika. Tuko salama. Darasa langu lina madirisha manne na vioo viwili, kwa hiyo somo la nuru linafundishwa na upepo.

Somo lenyewe ni hili. Nuru si kitu cha peke yake. Ni mmoja wa ukoo mkubwa unaoitwa mawimbi ya sumakuumeme. Wote katika ukoo huo wanakimbia kwa mwendo mmoja mahali pasipo na hewa. Wanatofautiana kwa urefu wa hatua. Mkubwa wao ni wimbi la redio, hatua yake moja inaweza kuwa ndefu kuliko uwanja wa mpira. Anafuata yule anayepasha chakula kwenye oveni ya umeme, hatua yake upana wa kiganja. Kisha miale iliyo chini ya nyekundu, ile unayoihisi usoni ukisimama karibu na jiko ingawa huioni. Halafu ndiyo nuru yetu: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu, nili, urujuani. Nyekundu ana hatua ndefu, urujuani ana hatua fupi. Kijani wapange foleni karibu elfu mbili, ndipo wajaze milimita moja. Baada ya urujuani wapo wenye hatua fupi zaidi: urujuanimno, kisha eksirei, kisha miale ya gama.

Ukiuchora ukoo wote huo kwenye ukuta wa mtaa mzima, sehemu tunayoiona kwa macho ni mchirizi wa brashi yako ndogo. Kwingine kote kuna kitu, ila macho hayana habari nacho.

Nimekuwekea vipande saba vya kitambaa, vina namba nyuma. Ni zoezi la darasa. Visimamishe dirishani mchana, uandike rangi ya kila kimoja. Usimwulize mtu.

Na barua zangu huwa unazisomea wapi? Nje, au chini ya taa?

Kalamu ninayo, mjomba. Ndiyo hii.

Mpwa wako

20 Machi

Kwanini mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Paka mmoja kati ya watatu alipita juu ya sinia la rangi, akapita juu ya kitanda, na kesi yake imechukua wiki mbili. Mkazamjomba wako alikuwa hakimu na shahidi.

Somo nimelielewa, na naliogopa. Urujuani ndiyo nini? Mimi naijua zambarau. Na hiyo urujuanimno naijua vizuri kuliko wewe, ingawa hatujatambulishwa: ndiyo inayopausha kuta zinazotazama jua. Miaka yote nilidhani ni joto. Hata hivyo kitu chochote chenye "mno" mwishoni huwa hakina faida kwa fundi.

Vipande vyako hivi hapa. Cha kwanza nyekundu. Cha pili chungwa. Cha tatu njano. Cha nne kijani. Cha tano kijani tena, kilichochafuka. Cha sita nyeusi, cha saba nyeusi. Unanijaribu, eh? Umeniwekea nyeusi mbili mwishoni ukidhani nitatunga. Mimi siyo mwanafunzi wako.

Na ule utani wa "ndiyo hii" nimeucheka. Ubishi umeurithi kwa dada yangu, mzimamzima.

Maktaba nimeshapaka ukuta wa kwanza. Nilianza na nyeupe, nikaweka nyeusi, tone la kijani, kisha buluu kidogo kidogo mpaka nilipoiona imepoa kama ninavyoikumbuka ile ya zamani. Nilisimama kwenye kiungio cha kuta mbili, sikuona tofauti. Bi Mkutubi akaja na miwani yake, akatazama, akarudi nyuma, akatazama tena.

"Fundi," akasema, "tulikubaliana buluu?"

"Hii ni kijivu, Bi Mkutubi."

"Sawa," akasema. Lakini unazijua "sawa" za wanawake wa ofisini. Zimenyooka kama rula.

Nadhani ni miwani yake. Nitaupaka tena akishabadilisha.

Huwa nasomea barandani, mchana. Kwa nini?

Jicho

2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi wazima, mama anasalimu, sufuria leo tuiache.

Leo siandiki kama mwalimu. Kipande cha tano kilikuwa buluu. Cha sita kilikuwa nili. Cha saba kilikuwa zambarau. Na barua hii, na ile ya mwezi wa pili, na ile ya kabla yake, zote nimeziandika kwa kalamu uliyoninunulia. Wino huu si mweusi. Mwite yeyote apitaye barandani umwonyeshe.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Ujanani huwa angavu kama maji. Ikizeeka inaweza kuingia ukungu na kuwa njano, halafu kahawia. Wanaita mtoto wa jicho. Lenzi ya njano inapitisha hatua ndefu, nyekundu na njano zinaingia bila taabu, lakini hatua fupi zinakwama mlangoni. Ndiyo maana buluu huioni mpaka iwe nyingi, ukaendelea kuongeza, na Bi Mkutubi akaona ukuta wa buluu. Macho yake hayana kosa. Na mkono wako hauna kosa.

Nimeuliza. Daktari wa macho anaitoa lenzi ile na kuweka nyingine angavu. Kazi ya nusu saa hivi, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mjomba, nenda. Ukiendelea hivi utanyang'anywa maktaba, na baada ya maktaba hakuna atakayekuletea kifungo cha shati akuombe ukuta wa rangi hiyo.

Nijibu upesi.

Mpwa wako

28 Aprili

Kwanini,

Marahaba. Sote wazima. Mvua imenyesha siku nne, bati la jikoni limepata tundu, nimeliziba. Paka wawili wamepata wenyewe, wa tatu tumemwita Sinia. Mkazamjomba wako ameanza kushona mapazia. Mama yako msalimie sana. Kazi ni nyingi.

Nimemaliza karatasi.

Jicho

*Mwanangu, ni mimi mkazamjomba, naandika pembeni kabla hajaifunga bahasha. Karatasi haikuisha, zipo kurasa thelathini. Barua yako ameisoma mara tatu kisha ameikunja na kuiweka ndani ya debe tupu. Ukuta ameupaka mara ya pili, sasa umezidi buluu kuliko kwanza. Bi Mkutubi amempa mpaka mwisho wa mwezi wa sita, isipofanana kazi inakwenda kwa wenye mashine. Jana ameniomba uzi mweupe, nikampa, akasema "nimesema mweupe, siyo njano". Anaogopa kisu. Baba yake mzazi alipasuliwa jicho, akarudi bado haoni. Hilo halisemi. Usimwambie nimesema.*

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa Sinia. Na hongera kwa kuziba bati.

Sikubembelezi tena. Nakuuliza swali la kazi, unijibu kama fundi. Mtu ana mlango mweupe. Miaka mingi nyuma mlango ulipigwa vanishi. Sasa vanishi imezeeka, imekuwa ya rangi ya asali, na kila anayepita anasema mlango ni wa njano. Wewe ungefanyaje? Ungeutupa mlango? Ungekaa unabishana na wapitaji? Au ungeikwangua ile vanishi na kupiga mpya?

Lenzi ni vanishi, mjomba. Basi.

La pili. Nimemwuliza mama kuhusu babu. Hakuna aliyenituma, usimkazie mtu macho, hasa hayo uliyonayo sasa. Mama ndiye aliyempeleka hospitali, wewe ulikuwa kwenye kazi mji mwingine. Anasema daktari aliwaambia kabla ya kuanza: mzee amechelewa mno, na jicho lina ugonjwa mwingine nyuma kabisa, ambao lenzi mpya haiutibu. Babu akasema jaribuni hivyohivyo. Kisu hakikumharibu. Mama anasema miaka yote hii hujawahi kumwuliza hata siku moja. Amesema hivyo halafu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

La tatu. Likizo inaanza. Tarehe 24 nitakuwa kwako. Tarehe 26 tunakwenda kliniki ya macho, nimeshaweka miadi kwa jina lako la kwenye cheti, kwa hiyo jiandae kuitwa jina usilolizoea. Usipokuwepo nyumbani nitakaa mlangoni nikimwuliza Sinia kwa nini, mara arobaini kwa siku.

Kabla sijafika, bandua kipande cha ukuta wa zamani na kipande cha mpya, upeleke kwenye ile mashine. Haina ujanja mwingi: inamulika, kisha inapima kila rangi imerudi kiasi gani, kuanzia nyekundu mpaka urujuani. Haikujui wala haikuchukii.

Mpwa wako, asiyerudi nyuma

17 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Habari za nyumbani utazikuta mwenyewe tarehe 24. Leo naingia moja kwa moja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu.

Nilikwenda kwenye lile duka la mashine. Nilivaa kofia ili nisijulikane. Mama mwenye duka akaniambia, "Karibu, Jicho." Nikampa vipande viwili. Kile kimashine hakizidi tochi. Nilitegemea kitu chenye tairi. Kikamulika, kikachora mistari miwili kwenye kioo. Upande wa nyekundu mistari ilikwenda pamoja kama ndugu. Ilipofika kwenye buluu, mmoja ukapanda juu, ukamwacha mwenzake chini kabisa. "Huu uliopanda ndio ukuta gani?" nikauliza, ingawa nilijua. Akanijibu taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba. Alinipa kiti.

Nikarudi nyumbani nikautazama mlango wa kabati la mkazamjomba wako, ule mweupe niliompigia vanishi tulipooana. Kwa miaka mingi nauona kama asali. Nikamwuliza yeye anauonaje. Akasema, "Umezeeka kidogo, lakini siyo sana." Nikachukua kikwanguo, nikakwangua kona moja ndogo. Nikamwuliza tena. Akasema, "Hapo peupe." Mimi sikuona tofauti yoyote, Kwanini. Nimekwangua milango tangu sijaota ndevu, na sikuona tofauti. Nikakaa chini palepale na kikwanguo mkononi.

Basi nikuambie. Nilijua tangu mwaka jana. Sikujua ni nini, ila nilijua. Nilianza kunusa madebe kabla ya kuyafungua, nikaanza kuyapanga kwa kukumbuka mahali yalipo. Baba yangu alikuwa fundi rangi, hilo unalijua. Aliporudi kutoka hospitali alikaa mlangoni miaka tisa, na kila aliyepita alimwuliza, "Umevaa rangi gani?" Watu walimjibu kwa heshima. Baadaye wengine walimdanganya kwa utani, kijani wakasema nyekundu, naye akawashukuru. Nilikuwa napita njia ya nyuma ili asiniulize. Hilo ndilo sikuwahi kumwambia dada yangu, ndiyo maana sikumwuliza neno. Mwambie vyombo nimevisikia.

Nitakwenda. Siyo kwa ajili yako, usivimbe kichwa. Nakwenda kwa ajili ya ukuta. Siwezi kuacha ukuta wangu ukamaliziwa na tochi.

Na huyo mtoto wa jicho, kwa umri huu kuzaa, tena jichoni! Mkazamjomba wako amesema angalau huyu hataomba ada.

Njoo na begi dogo, boksi lina paka.

Jicho, kwa sasa nusu

3 Julai

Mpwa wangu Kwanini,

Salamu, na asante kwa siku kumi na mbili ulizokaa nasi. Tangu uondoke nyumba ina utulivu wa kuchosha. Sinia anakaa kwenye kiti chako na hauliziulizi. Mkazamjomba wako ananitilia dawa ya jicho kwa saa, na nikipepesa ananikaripia mbele ya wageni. Mama yako amenipigia kwa simu ya jirani. Tuliongea dakika arobaini, hakuna aliyetaja baba, na tulipokata wote wawili tulikuwa tunapiga chafya ambazo si za mafua. Sufuria nimeipeleka stendi, itamfikia Ijumaa.

Ulikuwepo bandeji ilipotolewa, kwa hiyo unajua nilichosema, na naomba kisifike darasani kwako. Ambacho hukukiona ni wiki zilizofuata. Jicho la kulia ni jipya, la kushoto ni la zamani, zamu yake mwezi wa tisa. Nikifumba la kulia, dunia imelowekwa kwenye chai ya rangi. Nikifumba la kushoto, ni kama kuna mtu amefua kila kitu, na amezidisha buluu. Shuka ni buluu kidogo. Maziwa ni buluu kidogo. Daktari amesema ni kawaida, ubongo umekaa na njano muda mrefu, upewe nafasi uzoee. Nikamwambia muda sina, nina ukuta. Akasema ukuta utasubiri wiki tatu. Nilisubiri wiki tatu. Mkazamjomba wako alificha ngazi.

Tarehe 25 nikaenda maktaba, jicho la kushoto nimelifunika. Mwanangu, ule ukuta! Siyo kwamba ulikuwa na buluu ndani yake. Ulikuwa umevaa buluu kichwa mpaka miguu, kama mtu anayekwenda harusini kwa watu asiowajua. Mara mbili niliupaka hivyo, na mara mbili nilimwambia mama wa watu tatizo ni miwani yake. Nikamfuata ofisini nikamwomba radhi. Akavua ile miwani, akaifuta, akasema, "Fundi, zilibaki siku tano. Nilikuwa nazihesabu kuliko wewe."

Nikachanganya siku mbili, nikianzia asubuhi, karibu na mlango, kwenye mwanga wa nje. Nyeupe, nyeusi, tone la kijani. Buluu niliigusa kwa ncha ya kijiti tu. Safari hii niliandika kipimo, kwenye daftari, kwa herufi kubwa. Nikapaka ubao mdogo, ukakauka, nikaupeleka kwa mama mwenye mashine. Mistari miwili ikapanda pamoja, ikashuka pamoja, mpaka mwisho wa urujuani. Akasema, "Jicho, umekaribia mashine sana." Nikamwambia asikosee mpangilio wa maneno: mashine ndiyo imekaribia.

Ukuta ulimalizika tarehe 30. Bi Mkutubi alitembea toka upande wa zamani hadi mpya, mkono wake ukiteleza ukutani, akapita kiungio bila kusimama. Alipofika mwisho akageuka akaniuliza, "Kiungio kiko wapi?" Nikasema nimesahau.

Jana sasa, mchana, barandani, nikatoa lile debe tupu ninamoweka barua zako. Nilitaka kusoma tena lile somo la ukoo wenye hatua ndefu na fupi, kwa sababu nimeanza kumweleza mkazamjomba wako naye anauliza maswali kuliko wewe. Nikafungua ya kwanza. Nikafungua ya pili. Nikazifungua zote, nikazitandaza kwenye sakafu, nikaweka mawe juu yake zisipeperuke. Tangu ulipoanza kazi mpaka leo, kila mstari, hata ile "ndiyo hii" yako ambayo niliicheka peke yangu kama mwehu.

Sikusoma kitu. Nilikaa nikizitazama tu, mpaka mkazamjomba wako akatoka akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia ameandika kwayo. Akasema, "Nani?" Nikamwambia huyu mtoto, aliahidi, na ameandika kwayo.

Leo asubuhi nimepita dukani nikanunua kalamu ya zambarau ya kwangu. Barua hii nimeiandika kwayo tangu salamu. Kama umeisoma hadi hapa ukidhani ni wino mweusi, nijulishe haraka, nije nikuwekee miadi kwa jina lako la kwenye cheti.

Mjomba wako,
Jicho